Kabla ya Kuizamisha kwenye Nta

HALFANI: Haloo, nani mwenzangu?

ABUBAKARI: Mimi huku. Shikamoo shemeji.

HALFANI: Mimi nani?

ABUBAKARI: Abu. Abubakari, napiga toka Dar. Yaani umesahau mpaka sauti ya mdogo wa mke— [mtandao unakwaruza] —haloo?

HALFANI: Marahaba. Nakusikia. Nilijua simu inakuja hata kabla haijaita.

ABUBAKARI: Ulijuaje?

HALFANI: Spika ilianza yenyewe. Ti-ti-ti, ti-ti-ti. Halafu ndiyo simu ikaita. Nikasema, leo wameanza kubisha hodi.

ABUBAKARI: Akina nani?

HALFANI: Wewe. Nani mwingine?

ABUBAKARI: Hizi simu za mkononi ndivyo zilivyo, shem. Ukiiweka karibu na spika inalia. Hata hotelini tunawaomba wageni wazime. Kwa hiyo umeme umerudi?

HALFANI: Umerudi saa tisa. Wametukatia tangu jana asubuhi, wanasema bwawa limekauka. Kule kwenye nyumba za wakubwa bwawa halijakauka, taa zinawaka mpaka getini. Bwawa linakauka likifika kwetu Kizota.

ABUBAKARI: Sikiliza, shemeji, nina vocha moja na nusu yake imeshaliwa. Niko dukani Kariakoo, mwenye duka kanipangia pikapu za gita, hizi sumaku za kunasa sauti ya nyuzi, hapa juu ya kioo. Kuna za koili moja ya uzi wa shaba na za koili mbili. Kwenye gita unalonichongea, lile shimo la karibu na daraja la nyuzi umechimba la ukubwa gani?

HALFANI: La koili mbili. Si uliandika mwenyewe kwenye barua?

ABUBAKARI: Niliandika, ila nikizitazama hizi za koili moja, zina sauti kali, safi, inakata kama—

HALFANI: Na zinavuma kama mzinga wa nyuki. Chukua ya koili mbili, moja inakula kelele ya mwenzake. Halafu shimo nimeshalichimba. Mninga ukishautoa haurudi.

ABUBAKARI: Mwili umebaki mninga? Maana Mkongo wetu wa besi anasema magita ya Ulaya ni mkangazi mtupu.

HALFANI: Mwambie nimegonga vyote viwili. Mkangazi unaitikia kama mtu aliyeshiba. Mninga unajibu.

ABUBAKARI: [anacheka] Bado unazigonga mbao na kuzisikiliza kama daktari.

HALFANI: Daktari gani anayesikiliza mtu siku hizi? Mimi niliishia la nne, lakini ubao naujua. Unaushika kwa vidole viwili, unauacha uning'inie, unaugonga kwa kifundo. Ukijibu unauweka kando. Ukinyamaza unaupeleka kwenye viti vya harusi, watu waukalie.

ABUBAKARI: Na shingo? Isije ikanifanyia kama ile ya kwanza. Nilicheza arusi nzima gita limepinda, watu wakadhani ni mtindo.

HALFANI: Ile ya kwanza uliitaka kwa wiki mbili. Nikakupa mbao mbichi, ukaipeleka kwenye joto lenu la pwani, ikanywa maji. Kosa lako hilo. Hii ni mvule, vipande vitatu, cha katikati nimekigeuza kivutane na wenzake. Juu yake nimebandika mpingo. Ukiupitisha mkono unadhani kioo.

ABUBAKARI: Mpingo, eeh. Utakuwa ulitoa jasho.

HALFANI: Jasho si kitu. Vumbi lake ndilo baya, jeusi kama masizi. Limemshinda mwanangu Zaitun, limemkaa kifuani. Sasa kila mchana namruhusu anakwenda kushonea kwa Ikram, mke wa Mustapha wa basi la Dar. Anaondoka saa nane, mimi nabaki na mbao zangu.

ABUBAKARI: Mzima lakini, mpwa wangu?

HALFANI: Mzima. Hali chakula sana, ila wasichana wa sasa wote wanataka kuwa kama uzi.

ABUBAKARI: Halafu kweli, jana nilikuwa naongea na Mustapha habari ya kulipakia gita kwenye basi. Akaniambia mkewe anamuuliza— [mtandao unakwaruza] —uliza kama Zaitun—

HALFANI: Umekatika. Anauliza nini?

ABUBAKARI: Haloo? Unanipata? Ah, mambo yao ya kushona, nitakumbuka. Muhimu, Mustapha atalipokea stendi Jumatatu alfajiri. Mimi Jumatano napaa Maskati, mkataba wa miezi sita, na siendi na gita la kuazima. Ile pikapu ya zamani umeshaizamisha kwenye nta?

HALFANI: [anakoroga sufuria]

ABUBAKARI: Shemeji?

HALFANI: Nta ipo. Imetoka Kondoa, kwa Iddy mrina asali, ya nyuki wadogo. Nimeiweka kwenye sufuria ndani ya maji ya moto, imeyeyuka, naiangalia hapa.

ABUBAKARI: Basi zamisha. Mpaka uone vipovu vimeisha, ndiyo nta imeingia kila mahali. Pikapu ile ni ya zamani, uzi wake wa shaba umelegea. Mimi nikipandisha sauti kidogo itapiga mluzi, nifukuzwe siku ya kwanza.

HALFANI: Chukua mpya mbili. Hii niachie.

ABUBAKARI: Tusirudi huko tena. Tulikubaliana. Karibu na daraja inakaa mpya, karibu na shingo ile ya gita la bendi ya kiwanda. Ndiyo gita ninalolitaka hilo, shem. Nimecheza magita ya watu miaka mingi, ya Kijapani, ya nini, hakuna hata moja lenye sauti ile ya kwetu. Ile nene, ya—

HALFANI: Ya Mashudu.

ABUBAKARI: [anacheka] Ya Mashudu Jazz. Nani alitubandika lile jina?

HALFANI: Watu wa mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma. Walisema karanga zikikamuliwa kiwandani, mafuta yanakwenda kwa wakubwa, sisi tunabaki kupigiwa muziki na mashudu. Hawakukosea. Siku walipoleta mwekezaji, mafuta yenyewe yalikwisha. Wakafunga geti. Mashine wakaziuza vyuma chakavu, ngoma za bendi alichukua sijui nani. Gita nililikuta kwenye nyasi nje ya stoo, shingo imevunjwa, mlinzi amelikalia anakula muhogo. Nikafungua ile pikapu kwa kisu, nikaitia mfukoni. Ndicho pekee nilichotoka nacho pale baada ya miaka kumi na saba ya kuwapigilia masanduku.

ABUBAKARI: Najua, shemeji.

HALFANI: Hujui. Wewe ulishakimbilia Dar.

ABUBAKARI: Haya. Niambie kwa nini hutaki kuizamisha.

HALFANI: Ukiizamisha inakuwa kiziwi.

ABUBAKARI: Haiwi kiziwi. Inaacha kusikia upuuzi tu, inasikia nyuzi peke yake.

HALFANI: Si ndiyo hiyo. Nasema ukiizamisha haisikii kitu kingine.

ABUBAKARI: Kitu gani kingine?

HALFANI: Wewe ulikuwa unasimama kulia kwa Mwanne jukwaani. Unakumbuka alivyokuwa akianza wimbo?

ABUBAKARI: Dada? Alikuwa anakohoa. Kwanza mara mbili, vidogo vidogo. Anatulia. Halafu mara moja. Ndiyo anaimba.

HALFANI: Na kikohozi kile kilikuwa kinatokea wapi?

ABUBAKARI: Kwenye spika yangu. [anacheka kidogo] Enhe. Maiki yake ilikuwa bado imezimwa, na watu wote wanasikia anakohoa ndani ya gita langu. Ni hiyo hiyo pikapu. Ikiwa imelegea inasikia kama maiki.

HALFANI: Bado inamsikia.

ABUBAKARI: [mtandao unakwaruza] —sikupata vizuri.

HALFANI: Umenipata.

ABUBAKARI: Shemeji...

HALFANI: Wiki ya pili sasa. Niliifunga kwa skrubu kwenye mwili nijaribu, nikatia nyuzi mbili, nikaunganisha na ile redio kubwa. Umeme ukirudi mchana, nawasha. Mtu hayupo, nyumba kimya, mimi nimekaa sijagusa hata uzi. Anakohoa. Viwili. Anatulia. Kimoja.

ABUBAKARI: Halafu?

HALFANI: Halafu haimbi. Mara ya kwanza nilizima. Siku ya pili nikasema, ngoja nisikilize. Siku ya tatu nikamwomba radhi ya kabati.

ABUBAKARI: Kabati gani?

HALFANI: Mbao hizi za mninga nilizinunua kwa ajili ya kabati lake la vyombo. Toka Manyoni, zimekauka vizuri miaka sita. Kila Ijumaa alikuwa akinikumbusha, baba Zaitun, sahani zangu zinakaa chini kama za mgeni. Nami nasema kesho. Nilikuwa nawatengenezea wakubwa meza za ofisi, hawakunilipa hata— Basi. Ndiyo mbao hizo nimekuchongea wewe gita. Sasa mtu asikohoe?

ABUBAKARI: Ni jirani, shem. Pikapu iliyolegea inanasa chochote. Redio za watu, mtu anapita njiani.

HALFANI: Jirani wa upande huu ni godauni la chumvi. Chumvi haikohoi. Na Zaitun hayupo, nimekwambia. Mimi si mwendawazimu. Najua kilichomuua Mwanne, na najua kikohozi chake kilivyokuwa mwanzo kabla hakijawa kile kingine. Nilimpeleka hospitali kwa miguu yangu. Wakaniambia mashine ya picha haina filamu, nendeni kwa binafsi. Kwa binafsi wakataja bei. Tukarudi. Wakaniambia njoo na glovu, njoo na sindano, njoo na maji ya drip, siku hizi mnachangia. Nikawauliza, kwani nani aliwaambia sisi hatujachangia? Kijana mmoja wa koti jeupe akanijibu, mzee, hiyo ni sera. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mwanne, wamesema ni sera. Akacheka mpaka akatapika damu. Kwa hiyo usiniambie jirani.

ABUBAKARI: Nisikilizishe.

HALFANI: Nini?

ABUBAKARI: Iweke simu pale. Kama bado inasikika, na mimi nataka kusikia. Usiisogeze sana, italia ile ti-ti-ti. Rudi nyuma hatua mbili tatu.

HALFANI: Vocha yako itakwisha.

ABUBAKARI: Na iishe.

HALFANI: Haya. Nimeiweka juu ya kigoda. Nakusikia kwa mbali, na wewe utanisikia. Tulia tu.

ABUBAKARI: Nasikia kuvuma kwa mbali. Ndiyo spika hiyo?

HALFANI: Ndiyo.

ABUBAKARI: [kimya kirefu] Shemeji.

HALFANI: Tulia.

ABUBAKARI: Kama ananisikia nataka aisikie hii. Siku ya mazishi.

HALFANI: Mvua za Elinino. Reli ilikatika Gulwe. Uliniandikia.

ABUBAKARI: Reli ilikatika. Barabara siku ile ilikuwa bado inapitika. Mabasi yalifika Dodoma, saa kumi alasiri lakini yalifika. Mimi nilikuwa na shughuli ya arusi ya mtu mkubwa, Oyster Bay. Wakaniambia ukiondoka usirudi. Nikapiga mpaka mwisho.

HALFANI: Najua.

ABUBAKARI: Unajua nini?

HALFANI: Mustapha alikuja na basi siku hiyo hiyo. Alishuka na matope hadi magotini, akashika jeneza upande wako.

ABUBAKARI: Na hukusema. Miaka yote hii.

HALFANI: Ningesema ungerudi lini? Shh. Sasa. Sikiliza.

ABUBAKARI: [mtandao unakwaruza, kisha kimya] ...Yaa Rabi.

HALFANI: Umesikia.

ABUBAKARI: Viwili.

HALFANI: Ngoja.

ABUBAKARI: ...Kimoja.

HALFANI: Umesikia mwenyewe. Sasa niambie niizamishe.

ABUBAKARI: Subiri. Kuna tena. Hicho cha sasa— shemeji, hicho hakikuwa cha kuanzia wimbo. Hicho kirefu. Kimetoka chini.

HALFANI: Siku hizi vinakuja na hivyo. Ndiyo maana nakwambia ni yeye. Anarudia vyote, vya mwanzo na vya mwisho.

ABUBAKARI: Gita umeliweka wapi?

HALFANI: Mezani, limebanwa kwenye jiriwa.

ABUBAKARI: Meza ipi?

HALFANI: Meza yangu ya kazi, iliyopigiliwa ukutani. Si unaijua? Ukuta wa mbao.

ABUBAKARI: Nyuma ya ukuta ule kuna nini? Godauni?

HALFANI: Godauni liko kushoto. Nyuma ni chumba cha Zaitun.

ABUBAKARI: Na kitanda chake kimeegemea wapi?

HALFANI: Hapo hapo uk— Nimekwambia hayupo. Yuko kwa Ikram.

ABUBAKARI: Ngoja. Nimekumbuka alichosema Mustapha. Shemeji, kaa utulie unisikie. Mkewe alikuwa anauliza kama Zaitun amepata kazi pengine.

HALFANI: Kazi gani?

ABUBAKARI: Kwa sababu haendi. Ikram hajamwona wiki ya pili sasa.

HALFANI: Anatoka saa nane. Namwona kwa macho yangu, na mkoba wake, na kitambaa cha sare za shule.

ABUBAKARI: Anatoka mlango wa mbele. Na mlango wa uani nani anauangalia?

HALFANI: Alisema ni vumbi. Aliniambia baba, ni vumbi la mpingo, linapita. Nikamwambia basi toka mchana ukapumzishe kifua. Atanificha vipi? Mimi baba yake. Atanificha kwa nini?

ABUBAKARI: Kwa sababu kila siku anakusikia ukieleza habari ya hospitali. Nani atakuja kwako na kikohozi, shem? Wewe ungekuwa yeye ungekuja?

HALFANI: Siendi tena pale. Niliapa kaburini.

ABUBAKARI: Uliapa kwa ajili yako. Dawa za kifua kikuu hawauzi, wanagawa bure. Ila aende mapema, si kama— [mlio wa salio] —umesikia huo mlio? Ndiyo vocha hiyo. Gonga ukuta.

HALFANI: Nini?

ABUBAKARI: Gonga ukuta wa meza yako. Gonga kama unavyogonga mbao.

HALFANI: Abu, kama hakuna mtu—

ABUBAKARI: Kama hakuna mtu utakuwa umegonga ubao. Ndiyo kazi yako. Gonga.

HALFANI: [vifundo vya mkono, mara tatu, juu ya mbao]

ABUBAKARI: Enhe?

HALFANI: Tulia.

ABUBAKARI: Shemeji, nimesikia kitu kwenye spika. Ni wewe au—

HALFANI: Si mimi. Mimi nimeshaondoa mkono.

ABUBAKARI: Ukuta umejibu?

HALFANI: Umejibu. Taratibu. Mara moja.

ABUBAKARI: Nenda. Gita niachie, nitaazima la watu. Mwambie Mustapha alete gari la— [mlio wa salio] —na ile sufuria ya nta ipua, usije ukaunguza nyumba, na pikapu usiiza—

HALFANI: Abu? Haloo? Imekata. Zaitun. Usiogope, mama, sijakukasirikia. Nazunguka uani, nifungulie. Kama huwezi kunyanyuka, kaa hapo hapo. Kohoa tu, mwanangu, kohoa kwa nguvu, nikusikie mpaka nifike.